Familia ya Kibosho: paka wa Flora

Flora: Shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri kuhusu Mawenzi, yule paka niliyepewa na Bibi. Usiku wa manane anatoka mbio jikoni mpaka sebuleni, halafu anaingia chumbani kuning'ata vidole vya miguu. Mchana kutwa amelala juu ya kabati. Na amenenepa, ukimpapasa mbavu huzipati.

Mjomba Aloyce: Marahaba mama. Mfungulie mlango alale nje akamate panya, hayo yote yataisha.

Flora: Mjomba, hapa Majengo siwezi. Bodaboda zinapita mlangoni usiku na mchana, na nyumba ya pili wanatega sumu. Paka wa mpangaji mwenzangu alikula panya aliyekufa kwa sumu, kesho yake tukamzika.

Ma'mdogo Rozi: Maskini! Basi usimtoe. Prosper si yuko humu kwenye grupu, na anasomea udaktari wa mifugo chuo cha SUA? Prosper baba, msaidie dada yako.

Prosper: Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Dada Flora, huyo paka hana tabia mbaya. Ana hamu ya kuwinda. Saa zake za kuwinda ni alfajiri na jua linapozama. Wako chakula anakikuta kwenye sahani, hajakimbiza kitu, nguvu zote zinabaki mwilini. Usiku nyumba imetulia, kinachotikisika ni miguu yako tu chini ya blanketi. Anaivizia.

Flora: Kumbe! Nikigeuza mguu tu, ananirukia.

Prosper: Mpe mawindo jioni kabla hamjalala. Tafuta kijiti, funga kamba, mwisho wa kamba funga manyoya ya kuku au kipande cha kanga kuukuu. Dakika 10 mpaka 15 zinamtosha. Asubuhi tena kabla hujaenda kazini.

Flora: Kamba ninayo. Hapa namtikisia usoni, anaiangalia tu halafu anaondoka.

Prosper: Panya hamfuati paka usoni, dada. Hicho kitu cha mwisho wa kamba kivute kiende mbali naye. Kikokote polepole sakafuni, kisimame, kitetemeke kidogo, kijifiche nyuma ya mguu wa kochi ibaki ncha tu. Halafu tulia. Tena kitu kikiwa karibu sana na pua yake hakioni vizuri, hapo anategemea masharubu. Mpe umbali wa mita moja au mbili.

Flora: [video] Jamani mwoneni! Kajikunja nyuma ya boksi, macho yote meusi, makalio yanatikisika.

Prosper: Hapo hapo, usimharakishe! Kuvizia ndiyo sehemu kubwa ya mchezo. Wengi wakiona paka katulia wanadhani hataki, wanaacha. Kumbe akili yake yote iko kazini.

Flora: Kakamataaa! Kaikumbatia kwa miguu ya mbele, ya nyuma anaipiga mateke.

Prosper: Mwachie aing'ate. Akikimbiza bila kukamata kitu, anaishia kukereka. Ndiyo maana ile taa nyekundu ya leza siipendi sana, mwanga hauingii mdomoni.

Kelvin: Mimi ninayo, nilitaka nimletee dada Flora Jumamosi.

Prosper: Usimmulike machoni hata kidogo. Na mkimaliza, uelekeze mwanga palipo na dagaa, apate kitu cha kushika.

Baba Kelvin: Samahani kuwakatisha. Mchango wa kipaimara mwisho ni Ijumaa.

Ma'mdogo Rozi: Wa kwangu nimeshatuma. Endelea Prosper.

Mjomba Aloyce: Mimi paka wangu hapa Pasua nacheza naye kwa mkono, anavikamata vidole. Anafurahi sana.

Prosper: Mjomba, nakuomba uache. Anajifunza kwamba mkono ni mawindo, na jino la paka linaingia ndani, kidonda kinavimba haraka. Akimng'ata mtu, oshani kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata? Paka naye anaugua ugonjwa huo.

Mjomba Aloyce: Bado. Nitampeleka wiki hii.

Anitha: Nipo na Bibi hapa, anasema niwaandikie. Mama yake Mawenzi huwa anawaletea watoto panya mzima mzima, anamwachia wamkimbize migombani. Akiponyoka anamrudisha, wanaanza upya.

Prosper: Shikamoo Bibi! Basi hilo ndilo darasa lao. Dada Flora, ukimaliza mchezo mpe chakula cha usiku hapo hapo. Paka akishawinda anakula, anajiramba, analala. Ila usitegemee mabadiliko usiku wa leo leo, fanya kila siku saa ile ile.

Flora: Na huu unene? Nimnyime chakula?

Prosper: Usimnyime! Paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula, ini linaweza kuharibika. Punguza kidogo kidogo. Chukua chupa ya maji, toboa matundu mapana kidogo kuliko dagaa, utie sehemu ya chakula chake humo. Ataisukuma kwa mguu huku na huku mpaka dagaa atoke. Hayo ni mazoezi tosha.

Ma'mdogo Rozi: Na kamba je? Nasikia wanazimeza.

Prosper: Asante mama, hilo ni kubwa. Mkimaliza, kamba ifungiwe kabatini, na uzi wa cherehani pia. Uzi ukifika tumboni unakunja utumbo, unaweza kuukata. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mkimbize kwa daktari.

Mjomba Aloyce: Huyu wangu ni mzee, ana miaka 12. Naye acheze?

Prosper: Acheze mjomba, ila taratibu, dakika chache chache, pasipo kuruka juu. Akihema mdomo wazi, simamisha. Na akigoma ghafla wakati jana alicheza, huenda kuna mahali panauma, apimwe.

Flora: Kochi langu nalo analichana, mgongo wote umetoka nyuzi.

Prosper: Kucha lazima azinoe. Viringisha kamba ya katani kwenye mguu wa meza, uikaze, ifike juu kiasi cha yeye kusimama na kujinyoosha mwili wote. Weka karibu na hilo kochi.

Kelvin: Katani nitapitia Mbuyuni Jumamosi. Dada, mita ngapi?

Flora: Chukua 10, mguu wa meza yangu ni mnene. Hela nakutumia sasa hivi.