Tupeane uzoefu: nundu ya kidole gumba cha mguu, kinachosaidia na kinachoharibu

#1
Wadau, uzi huu ni wa bunioni, ile nundu inayotokeza upande wa ndani wa mguu, kwenye shina la kidole gumba. Anayeshughulika na miguu au viatu aweke anachokifahamu kwa vipimo: sentimita ngapi, dakika ngapi, wiki ngapi.

Naanza na kosa lililoenea kuliko yote. Nundu hii si uvimbe ulioota. Ni kichwa cha mfupa mrefu wa kwanza wa unyayo kilichohama mstari, huku kidole gumba kikilala kuelekea kidole cha pili. Ndiyo maana haisuguliki kwa jiwe, haiyeyuki kwa siki wala mafuta, na hakuna kidonge cha kuirudisha. Kwa mtu mzima, mfupa hunyooshwa kwa upasuaji tu. Mengine yote hupunguza maumivu, na hilo si dogo: wengi hutembea vizuri miaka yote bila kupasuliwa.

#2
Kiatu ndiyo dawa ya kwanza. Pima jioni, miguu ikiwa imetanuka, tena ukiwa umesimama. Chora unyayo kwenye karatasi, kalamu ikiwa wima, kata mchoro kisha uulaze juu ya soli ya kiatu. Karatasi ikivuka kingo, kiatu hicho hakikufai hata kama ni namba yako. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (huenda ni cha pili, si gumba) ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5. Sehemu pana kabisa ya kiatu iangukie pale pale penye nundu. Kisigino kisizidi sentimita 4, maana kikipanda uzito wote huteremkia mbele na vidole husukumwa kwenye ncha.

Watu wengi hununua namba kubwa ili wapate upana. Matokeo yake kisigino kinacheza, mguu unateleza mbele, na vidole vinajikunja ili kukishika kiatu. Tafuta upana, si urefu, na kiwe na kamba au mkanda wa kuushika mguu kwa nyuma. Unapofunga kamba, ruka tundu lililo karibu na nundu.

#3
Naongezea kwa #2. Kiatu cha ngozi halisi fundi anaweza kukitanua mahali pamoja tu, kwa koleo lenye kibonge upande mmoja na pete upande wa pili. Ngozi hulowanishwa kidogo, hubanwa usiku kucha, kisha kazi hurudiwa hadi itoshe. Ngozi bandia usiitegemee: hurudi ilivyokuwa au hupasuka. Pia pitisha kidole ndani kabla ya kununua. Mshono ukipita juu ya nundu, kiache.

#4
Pedi: kata duara la sponji nene la milimita 5, toboa katikati tundu kubwa kuliko nundu, ili mgandamizo ukae pembeni yake. Ukiibandika ndani ya kiatu kinachobana unaongeza tatizo, maana umepunguza nafasi iliyokuwepo. Kitenganisha vidole cha silikoni kisiwe kinene kiasi cha kukisukuma kidole cha pili. Anza na saa 1 kwa siku. Gango la usiku (kifaa kigumu cha kukishikilia kidole kikiwa kimenyooka) huwapa wengine nafuu, ila kidole hurudi kilipokuwa likivuliwa. Anayeuza kwa ahadi ya kunyoosha mfupa anadanganya.

#5
Mazoezi hayaondoi nundu, lakini huupa mguu nguvu na kukizuia kiungo kukakamaa. Weka unyayo sakafuni, vuta shina la vidole kuelekea kisigino bila kuvikunja vidole, shikilia sekunde 5, mara 10. Kisha tanua vidole, gumba kielekee upande wa mguu wa pili, mara 10. Usisahau kunyoosha shavu la mguu ukutani sekunde 30: likikaza, uzito hukimbilia mbele ya unyayo.

#6
Pakivimba, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Ibuprofeni inywewe baada ya kula. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito wasiitumie bila daktari.

Na tafadhali msiite kila uvimbe wa hapo bunioni. Ukizuka ghafla usiku, mwekundu, wa moto, hata kuguswa na shuka hakuvumiliki, fikiria jongo (gauti). Nundu ikiwa juu ya kiungo na kidole hakipindi, huenda kiungo kimelika. Mwenye kisukari au ganzi asiweke barafu, asikate sugu kwa wembe, asibandike plasta za asidi. Kidonda chochote hapo, kliniki siku hiyo hiyo.

#7
Upasuaji hufanywa kwa sababu ya maumivu yanayozuia shughuli, si kwa ajili ya sura ya mguu. Picha ya eksirei ipigwe mgonjwa amesimama; akilala, mifupa huonekana imekaa vizuri kuliko ilivyo. Kidole kikiinama zaidi ya nyuzi 15 kinahesabiwa kuwa kimepinda, na zaidi ya 40 ni hali kali. Daktari hukata mfupa, huusogeza na kuushikiza kwa skrubu. Kuchonga nundu peke yake huacha chanzo, nayo hurudi.

Wiki 2 za kwanza mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo muda mwingi, kisha kiatu maalumu hadi kama wiki 6. Uvimbe huweza kubaki miezi kadhaa. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Muulize daktari wazi kuhusu kukakamaa, ganzi, maambukizi na nundu kurudi. Kwa mtoto, kwa kawaida husubiriwa mifupa imalize kukua.

#8
Kuna jambo halijaguswa: maumivu chini ya kidole cha pili. Gumba kikishindwa kubeba uzito, jirani yake hubeba, ngozi huota sugu. Watu huweka pedi juu ya sugu lenyewe, na maumivu huzidi. Iweke nyuma kidogo ya panapouma, upande wa kisigino, ili mifupa inyanyuke kabla uzito haujafika pale. Ukitembea hatua chache ukahisi unakanyaga kokoto, isogeze milimita 3 au 4 nyuma ujaribu tena.