Tupeane uzoefu: maneno ya Kiingereza yanayofanana sura, lipi limekutesa na ulilitenganishaje?

Wakuu habari za jioni. Mimi nina steshenari karibu na chuo hapa Dodoma, kazi ni kuchapa barua, kuprinti, kutoa kopi, na siku hizi kuwajazia watu maombi ya ajira mtandaoni. Kinachoniuma ni hiki, mtu ana vyeti safi kabisa, kazi anaijua, ila barua yake imebeba neno moja ambalo silo, na anayeipokea huko hatamwambia, ataiweka pembeni tu. Na wanaokosea sio vilaza. Maneno yenyewe yamefanana mno, shuleni tulipewa orodha tukakesha nayo, mtihani ukiisha na orodha imeisha. Mimi naamini neno linakaa kichwani ukilikuta kazini, pale ambapo likikosewa kuna kitu kinaharibika. So kila mtu aseme la kwake au alilomuona nalo mwenzake.

Naanza. Barua za waliomaliza form six nyingi zinakuja na "two principle passes". Ni "principal". "Principle" ni kanuni au msimamo, mtu wa misimamo yake. "Principal" ni kile kilicho kikuu, ndo maana mkuu wa chuo anaitwa principal, na kwenye matokeo ya form six kuna principal pass na subsidiary, na ukienda benki ile hela yenyewe uliyokopa kabla ya riba nayo ni principal. Ukishaona wote hao ni ukoo mmoja huna haja ya kukariri tena.

Lingine lipo kwenye mabango yetu wenyewe. "Stationary" yenye a ni kitu kilichosimama, hakiendi. Daftari, kalamu na bahasha ni "stationery" yenye e, shika e ya envelope. Ila asili ni moja, zamani Ulaya muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu aliitwa stationer, tofauti na machinga wa kutembeza, kwa hiyo ukiona bango limekosewa mwambie mwenye duka taratibu, asichekwe.

Karibuni.

Nesi, Dodoma mjini

Asante mkuu kwa mada. Kwetu ni hypertension na hypotension. Hyper ni juu, hypo ni chini, ni Kigiriki hicho. Tofauti ni kasauti kadogo tu na mgonjwa mwenyewe akija anakwambia "nesi nina presha" basi, hasemi ya kupanda wala ya kushuka. Sasa fikiria mnakabidhiana zamu usiku, mwenzio amechoka, anaongea haraka ndani ya barakoa, masikioni yote mawili ni kitu kimoja. Zamu yetu tumejizoesha kutaja namba, "mama wa kitanda cha dirishani, 180 kwa 110", hapo hakuna anayebaki na swali. Na sukari ni hivyo hivyo, hyperglycaemia imepanda, hypoglycaemia imeshuka, na ukiwachanganya hao wawili ukampa insulini, ambayo kazi yake ni kushusha sukari, mtu ambaye sukari yake tayari imeshuka, unaweza kumpoteza.

Alafu dawa. Hydralazine inashusha presha, wodi ya wazazi wanaijua vizuri. Hydroxyzine ni ya mzio, muwasho. Angalieni baadhi ya lebo na mifumo ya hospitali, katikati ya jina wanaweka herufi kubwa, hydrALAZINE na hydrOXYzine, lile sio pambo, ni ili jicho likamate pale majina yanapoachana. Mimi hata nikiandika kwa mkono siku hizi naandika hivyo hivyo.

Mpangaji, Kisasa

Dada nesi umenitisha. Mimi naleta ya nyumba. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi, nyumba za kupanga zimekuwa biashara kubwa na madalali wengi wanatumia mkataba wa Kiingereza waliourithi kwa mwenzao, wanabadilisha majina tu. Jirani yangu alisainishwa mmoja, tukakaa nao sebuleni kuusoma baada ya paa kuanza kuvuja, tukakuta yeye mpangaji ndo ameandikwa "lessor" na mwenye nyumba ni "lessee". Lessor ni anayepangisha! Kwa hiyo kwenye karatasi ile matengenezo ya paa, bomba, shimo la choo, vyote ni vya mpangaji, na yeye ndo alikuwa analipa kodi ya miezi sita mbele. Bahati mama mwenye nyumba ni muungwana, waliuandika upya bila kugombana.

Nilichoshika mimi: mwisho wa -or ndiye anayetoa, -ee ndiye anayepokea. Ila angalieni kwenye rehani watu wanateleza, wanadhani mortgagee ni mkopaji kwa sababu lessee ni mpangaji. Hapana. Wewe unayetoa nyumba iwe dhamana ndo mortgagor, benki inayoipokea hiyo dhamana ndo mortgagee. Usiangalie nani amepokea hela, angalia nani ametoa haki juu ya nyumba.

Mdau, Nkuhungu

Mimi nauliza tu kwa nini mkataba wa nyumba kati ya Mgogo na Mrangi uandikwe Kiingereza? Tangu 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili ndo lugha ya mahakama. Andikeni mwenye nyumba na mpangaji, hakuna atakayebadilishiwa kiti.

Mwalimu wa sekondari ya kata, Kondoa

Huyu wa Nkuhungu nakuunga mkono. Mimi nafundisha Kiingereza form one na neno la kwangu ni borrow na lend. Haya hata hayafanani sura, ila kwa mtoto yanafanana kichwani na naomba mnivumilie niyaingize. Watoto wanasema "borrow me your pen" na walimu wengine wanawachapa kwa hilo. Jamani mtoto hajakurupuka. Kwetu "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" kitenzi ni kile kile, kinaenda na kurudi, sasa ametoka primary alikosoma kila kitu kwa Kiswahili, anaingia form one karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza, unategemea alete nini zaidi ya kile alichonacho? Nilichofanya niliacha azima nikahamia kopa. Kopa ni borrow, kopesha ni lend. Mtoto wa duka la mangi anajua fika kwamba anayekopa sio anayekopesha. Nawasimamisha wawili mbele na kalamu moja, mmoja anatamka "I lend", mwingine "I borrow", wanabadilishana mpaka darasa zima linacheka, na baada ya hapo wachache sana wanarudia kosa. Fimbo haikuwahi kunipa hayo matokeo.

Loose na lose nayo inanisumbua kwenye insha lakini hiyo ni ya kusoma sana tu. Loose imelegea, lose ni kupoteza.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Sisi Kiswahili chetu zabibu ni zabibu, mbichi au kavu. Kwenye kikundi chetu kijana mmoja alimwandikia mnunuzi wa nje kwamba tuna "fresh raisins", mnunuzi akauliza raisins gani mbichi tena, maana Kiingereza mbichi ni grapes na iliyokaushwa ndo raisins. Kilichomchanganya kijana alikuwa amesoma kidogo Kifaransa, na Wafaransa raisin ndo hiyo hiyo mbichi. Biashara haikufa ila majibizano yalichukua siku na zabibu ikishakatwa haisubiri. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, kila msimu mnunuzi akichelewa mzigo unashuka bei mbele ya macho yako. Pia vine ni mti wenyewe, wine ni kinywaji, msiwaambie mnauza wine wakati mnauza vipando.

Mtendaji, Bahi

Barua nazopokea: "To the Ward Counsellor". Diwani ni councillor, yupo kwenye council. Counsellor ni mshauri nasaha, na counsel ni ushauri au wakili mwenyewe mahakamani. Na wanaoandika "Dodoma the Capitol City", capitol ni jengo, maarufu ni lile la Bunge la Marekani pale Washington. Sisi ni capital.

Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Kaka wa steshenari, practice na practise je? Kila kitabu kinaandika chake.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, vitabu vyote viko sawa. Uingereza practice yenye c ni nomino, practise yenye s ni kitenzi. Marekani wanaandika practice kote. Ukisahau tumia advice na advise, hizo hata kwa kusikia zinaachana: advice ni ushauri, advise ni kushauri, alafu practice fuata mkondo huo huo. Licence na license nayo ni hivyo kwa Waingereza, leseni yenyewe ina c, kutoa leseni ni s. Marekani hiyo wameiandika kwa s kote. Chagua upande mmoja, barua yote iende nao, na ukija kuprinti niambie umechagua upi nisikurekebishie kinyume.