Mrejesho: Taa ya kuning'inia ya Kiholanzi niliyoiulizia

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza ni kiwanda gani kilichotengeneza taa yangu ya dari ya miaka ya 1950, yenye kivuli cheupe cha bati kilichotobolewa vitundu, ambayo niliinunua mnadani Utrecht. Fundi umeme alipofungua kikombe kinachofunika waya darini, tulikuta ndani yake nembo ya Philips, yaani ngao yenye duara, mawimbi na nyota nne, ingawa rangi ilikuwa imeanza kuifunika.

Kampuni hiyo ilianzishwa Eindhoven mwaka 1891 kwa ajili ya kutengeneza balbu, na mchoraji majengo Louis Kalff alijiunga nayo mwaka 1925, kwanza akishughulikia matangazo, kisha usanifu wa bidhaa na ushauri wa mwangaza. Ndiye pia aliyeshiriki kubuni Evoluon, lile jengo la umbo la kisahani lililofunguliwa mwaka 1966. Hata hivyo, sitaiita taa yangu "ya Kalff" kama wauzaji wanavyopenda kufanya (na bei hupanda papo hapo), kwa sababu alikuwa na wasanifu wengi chini yake, na nembo inathibitisha kiwanda tu.

Waya wa zamani ulikuwa umekauka hadi ganda lake likawa linapukutika vidoleni, kwa hiyo tumeubadilisha wote na kuongeza waya wa ethi, kwa kuwa mwili wa taa ni chuma. Holda ya awali nimeihifadhi. Kivuli sitakipaka rangi upya.