Ninaandaliwa kutumwa Kalemie kama mmisionari: mwaka huu mmoja niutumieje?

Mwinjilisti wa Kasulu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mwinjilisti na mwalimu wa shule ya msingi. Kanisa letu hapa mkoani Kigoma limeniomba niwe tayari kutumwa, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, kwenda kuhudumu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimepewa mwaka mmoja wa kujiandaa. Baadhi ya wazee wa kanisa wanaona nirudi kwanza chuo cha Biblia. Wengine wanasema Kiswahili changu kinatosha kwa kuwa kule nako kinazungumzwa, na kwamba kazi iliyobaki ni kukusanya fedha tu. Naombeni wenye uzoefu mnieleze: ni jambo gani nisipolitengeneza mapema litaikwamisha huduma nikishafika?

Mchungaji mstaafu, Mbeya

Amina, ndugu yangu. Nilihudumu Katanga, jimbo la zamani la Kongo lililokuwa na Kalemie ndani yake, kabla ya kustaafu, na jibu langu ni barua. Usivuke ziwa ukiwa na barua ya kanisa linalokutuma peke yake. Iwepo barua ya kanisa linalokupokea, iliyoandikwa baada ya viongozi wa pande zote mbili kukaa na kukubaliana utafanya kazi gani, chini ya nani, utaishi wapi, na mgogoro ukizuka utaamuliwa na nani. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kongo yamo ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo, umoja wa madhehebu unaoitwa ECC kwa kifupi cha Kifaransa, na mgeni asiyetambuliwa na dhehebu lolote la huko hukosa mtu wa kumsemea siku anapoitwa na afisa wa uhamiaji.

Kuhusu lugha, wazee wako wako sahihi nusu tu. Kiswahili kitakuwezesha kuhubiri tangu Jumapili ya kwanza, lakini ofisini, hospitalini na shuleni kazi hufanyika kwa Kifaransa, na hata sokoni bei nyingi hutajwa kwa Kifaransa. Ningekuwa wewe, mwaka huu ningeutoa kwa Kifaransa kuliko kwa chuo cha Biblia, kwa sababu Biblia umekwisha kuifundisha kwa muda mrefu.

Fedha nazo zisiishie kwenye nauli. Uliza, na ujibiwe kwa maandishi, nani atakutunza harambee ya kuwaaga ikishasahaulika, nani atalipa safari ya dharura mtoto akiugua, na michango yako ya uzeeni itaendelea kuwekwa na nani. Jambo dogo la mwisho: ukibeba dola, beba noti mpya, maana noti yenye mchaniko mdogo tu pembeni hukataliwa.

Muuguzi, Kigoma mjini

Shikamoo mchungaji. Naomba kuongeza upande wa afya. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayeingia Kongo, na cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo msiiache hadi wiki ya safari. Tangu 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo kihifadhini pamoja na pasipoti. Malaria mnaijua, lililo zito zaidi kwa miji ya mwambao ule ni kipindupindu, ambacho hurudi mara kwa mara. Nyumba yenu iwe na utaratibu wa kuchemsha au kutibu maji ya kunywa tangu siku mnayofika, hata kama majirani wanakunywa ya ziwa moja kwa moja.

Halafu nauliza kwa upendo kabisa, kaka: je, mke wako ameulizwa? Kanisa huwa linamwita baba, linamwombea baba, kisha mama anaambiwa afunge mizigo. Yeye ndiye atakayeishi na watoto wanaoanza shule upya kwa lugha wasiyoijua. Aketi kwenye vikao vyote, na masomo ya Kifaransa aanze naye.

Mzaliwa wa Moba

Ndugu mwinjilisti, karibu kwetu. Ninaomba ujue kwamba hauji mahali pasipo na kanisa. Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa Kanisa Katoliki zama za ukoloni wa Ubelgiji, alipewa upadri mwaka 1917 papa hapa Moba, mji wa mwambao kusini mwa Kalemie, wakati huo pakiitwa Baudouinville. Watakaokaa mbele yako ni wajukuu na vitukuu vya waumini, na wapo wazee watakaokusikiliza kwa adabu kubwa huku wakipima kama nawe unawasikiliza.

Waafrika kutumwa kwa Waafrika si jambo geni pia. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda, alifika Mboga, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, akafungwa, akarudi kwa watu walewale, na mtawala Tabaro aliyempinga akaja kubatizwa. Alifariki huko mwaka 1933, na huko ndiko alikozikwa.

Tena usije bila kujua majeraha yetu. Mapigano ya Watwa na Waluba, jamii mbili za eneo letu, yaliyopamba moto tena mwaka 2016, yaliwafukuza watu wengi vijijini, na wengi walikimbilia kambi zilizokuwa kandokando ya Kalemie. Katika ibada moja wanaweza kukaa mtu aliyechomewa nyumba na ndugu wa aliyechoma. Mgeni akianza kuhubiri msamaha mwezi wake wa kwanza, kabla hajaketi na yeyote kati yao, anawaumiza upya. Kaa kwanza, tembelea wafiwa, mwache mchungaji mwenyeji akuambie lini.

Mwinjilisti wa Kasulu

Nawashukuru sana. Kweli mke wangu hajaketi kwenye kikao hata kimoja. Nitaomba aalikwe kinachofuata. Mchungaji, barua hiyo niiombe mimi mwenyewe?

Mchungaji mstaafu, Mbeya

Hapana, iombwe na mkuu wa kanisa lako kwa mkuu mwenzake wa Kalemie. Nawe omba utangulie peke yako kwa wiki chache wakati wa kiangazi, ukae nyumbani kwa mchungaji mwenyeji, usipewe zamu ya kuhubiri. Mkataba wa huduma usainiwe baada ya ziara hiyo, wao wakiwa wamekuona.