Profesa Justinian Tamusuza: nianzie wapi, na kwateti yake inavurugikia wapi?

Mwanakwaya: Wakuu, naomba mwanga kuhusu Profesa Tamusuza wa Makerere. Alisomea wapi, nisikilize kipi kwanza, na wapiga fidla waliozoea nyimbo za kanisani wakiijaribu kwateti yake (kazi ya ala nne za nyuzi), watakwama wapi?

Kadinda: Karibu mkuu. Ni Mganda, mzaliwa wa 1951. Alijifunza utunzi kwa Kevin Volans huko Belfast, akachukua shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na kufundisha Makerere. Anza na kwateti yenyewe, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani "Katika Njia ya Msalaba". Kronos Quartet, kundi la Marekani la ala nne za nyuzi, waliirekodi kwenye albamu ya Pieces of Africa, 1992. Soma jina la rekodi vizuri: pana "Ekitundu Ekisooka", yaani sehemu ya kwanza. Wengi huisikiliza hiyo wakadhani wamemaliza kazi nzima!

Vibao12: Watakwama kwenye kuhesabu. Kabla ya kushika fidla, waende kwenye amadinda, marimba ya Kiganda: vibao 12 vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Omunazi anaanza, mikono yote miwili ikipiga noti ileile, okteva moja kati yake. Omwawuzi anamkabili na kupenyeza noti zake katikati kabisa ya zile. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili vya juu tu; anaokota noti zake kila zinapojitokeza katika mpishano wa wenzake. Zikishikana, zinaweza kupita 500 kwa dakika, ingawa kila mmoja wa wale wawili anapiga nusu tu.

Kosa kubwa ni omwawuzi kujiona yuko nje ya pigo. Akijihesabu hivyo atachelewa, na mwenzake atavutwa naye. Ajihesabu yeye ndiye pigo. Kingine ni mkazo: ukiikazia noti ya kwanza ya kila kipimo, unaua ule wimbo unaozuka masikioni bila mtu yeyote kuupiga. Huo ndio utamu wa muziki wa Kiganda, na ndio msingi anaoujengea Tamusuza.

Mwanakwaya: Asante sana. Mazoezi yaendeje?

Vibao12: Wawili wawili, makofi tu, mapigo 60 kwa dakika, mmoja kwenye pigo na mwingine katikati. Wabadilishane nafasi bila kusimama. Hapo ndipo wengi huanguka. Kisha wadonoe nyuzi, upinde uje mwisho, maana upinde mrefu huficha mwanzo wa noti na mpishano hausikiki tena.

Kadinda: Nyongeza: ngazi ya Kiganda ina noti 5 zinazokaribia kulingana, kama senti 240 kila hatua (okteva nzima ni senti 1200). Vibonye vyeusi vya piano vina 200 na 300, kwa hiyo usivitumie kuwazoeza masikio.