Nshahamia Nanyuki, nianze na mwamba gani: Nelion, Batian au Point John?

mlingoti_amu
Asalaam aleikum wenyewe. Mie mtu wa Amu, tangu mwezi wa nane niko Nanyuki kikazi, kila asubuhi nikifungua dirisha Mlima Kenya uko pale umenikodolea macho kama ananidai. Kupanda miamba nimejifunzia Hell's Gate na Lukenya, mwaka wa pili huu, kamba naongoza mwenyewe, lakini huko ukichoka unashuka unakwenda kunywa chai. Sasa nataka miamba ya juu kabisa. Kilele cha Lenana nshafika mara moja kwa miguu, kichwa kiliniuma utadhani fundi wa jahazi anapigilia misumari ndani. Naona njia tatu, Nelion kwa upande wa kusini mashariki, Batian kwa uso wa kaskazini, ama Point John ambayo ni fupi. Mwenzangu wa kamba ninaye, uzoefu wetu sawa. Nyinyi mngeanza na upi?

PwaniJuu (Malindi)
Kaka hujasema unakwenda lini, na hilo ndilo linaloamua. Mlima uko ikweta pale, Disemba mpaka Februari jua liko kusini, kwa hiyo miamba ya kusini inakauka na ya kaskazini inashika theluji, Juni mpaka Septemba inageuka. Sisi watu wa pwani kukumbuka ni rahisi: kaskazi ikivuma panda kusini, kusi ikivuma panda kaskazini 😂. Masika na vuli waachie wenyewe. Yaani Nelion ni ya Januari na Februari, Batian Julai hadi Septemba.

Mimi ningekwenda Nelion. Unalala Austrian Hut, mita 4,790, alfajiri unavuka Lewis Glacier (au kilichobaki, barafu imekwisha vibaya sana) halafu ni kama pichi ishirini, yaani vipande vya kupanda vya kamba moja moja. Ugumu wake gredi ya nne na kidogo, Hell's Gate umepanda ngumu zaidi, ila huku una mkoba mgongoni uko mita 5,000 na hewa ni karibu nusu ya ile ya Amu. Uzuri wake kileleni kuna Howell Hut, kibanda alichojenga Ian Howell mwaka 1970, vifaa vilidondoshwa kwa ndege kwenye barafu akawa anavipandisha kidogo kidogo peke yake. Ukichelewa unajikunja humo mpaka asubuhi. Batian ni mita 5,199, imeizidi Nelion mita 11 tu na ukisimama Nelion utasema naruka sasa hivi, lakini katikati kuna pengo la Gate of the Mists, watu wamekula nusu siku hapo. Na kwa uso wa kaskazini una mnara wa mwamba, Firmin's Tower, wa kupita na kushuka ni kurefu. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Austria alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, ilichukua zaidi ya wiki kumtoa. Hiyo iache kwanza.

bi_mkomani
Mie napinga. Point John kwanza, hata usibishane. Sisi tulijitia Nelion moja kwa moja, wawili, tukawa tunatumia saa nzima kila pichi, sasa piga hesabu mara ishirini na mchana wa ikweta ni saa kumi na mbili basi. Tukageuka kabla ya kilele saa nane, wingu lishatufunika, tukaanza kushuka kwa kamba, kuivuta ikanasa. Giza likatukuta kwenye ukingo mpana kama baraza ya nyumba, tukakaa hapo mpaka asubuhi tunatetemeka. Point John ni mita 4,883, iko juu ya Mackinder's Camp, panda ile mjipime saa. Mkiona mnakokota, Nelion bado.

mkwezi_mambrui
Mazoezi si mje Marafa hapa mpande kuta za udongo za Nyari bure 😂

bi_mkomani
@mkwezi_mambrui ule udongo ukiushika unabaki nao mkononi wewe

Nahodha_Matondoni
Mwanangu mimi huo mlima nauona kwa picha tu, ila nauliza. Hizo kamba za kushukia mnazifunga nyinyi ama mnakuta zilizoachwa? Maana sisi chomboni kamba iliyopigwa jua sana hatuiamini hata ikiwa nene.

bi_mkomani
Shikamoo nahodha. Umegusa penyewe. Ukutani tunakuta tepe (mikanda ya kufungia kamba mwambani) za watu wa zamani, zimepauka, na wengi wanashukia hizo hizo. Sasa nabeba tepe zangu na kisu, mbovu nakata nafunga mpya.

PwaniJuu (Malindi)
Sawa dada, Point John nakubali, inamzoesha hewa pia. @mlingoti_amu kuishi Nanyuki kunasaidia kidogo tu, ukipita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Mwenzio akianza kuyumba kama mlevi au kifua kinakoroma, mshushe usiku huo huo, msingoje kuche.

mlingoti_amu
Shukran sana. Basi Point John mwisho wa Disemba tukiwa na saa mkononi, Nelion Februari kama mwendo unaridhisha, Batian nangoja kusi. Nahodha marahaba zako nitakuletea picha inshallah. Kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga butini, za kuvukia barafu sina, zakodishwa?

PwaniJuu (Malindi)
Zakodishwa, ila zivae na buti lako pale pale kabla hujatoa pesa. Mimi nilipewa mbili zote za mguu wa kushoto, nikagundua Austrian Hut.