Tiketi ya derby ya Dar: nitume makuta sasa, ninunue nikifika, au nibaki Kamalondo?

Baba_wa_Katuba
Jambo yenu wote. Mwezi kesho nashuka Dar kuchukua mizigo Kariakoo, na safari hii naenda na kijana wangu. Nimemuahidi kumpeleka uwanjani tangu mwaka jana, sitaki kumuangusha tena. Sasa nina njia tatu. Kuna mtu ananiambia nimtumie makuta, yaani pesa, leo, ataninunulia tiketi mbili na kunitumia picha ya tiketi hizo kwa WhatsApp. Au nisubiri nifike, ninunue mwenyewe. Au niachane na habari za Dar, nimpeleke Kamalondo, uwanja wa Mazembe hapa kwetu Lubumbashi, siku timu inacheza, nilipe pale gishe, dirisha la tiketi, kama tulivyozoea. Mnaonaje? Nataka yenye uhakika kuliko yenye bei ndogo.

Kunguru_Mweusi
Papa, mechi gani? Mtoto ana miaka mingapi? Na huyo "mtu" ni ndugu yako au ni mtu wa njiani? Tuambie hayo kwanza, bila hayo tutakushauri gizani.

Mama_Ruashi
Niongeze: laini ya simu ya Tanzania unayo? Karatasi za mtoto za kuvuka Kasumbalesa na Tunduma ziko tayari, na kadi ya manjano ya chanjo? Watu hufikiria tiketi ya mpira kabla hawajafikiria mpaka.

Binti_Temeke
Shikamoo papa. Mimi nimezaliwa Kampemba, hapo hapo Lubumbashi, ila huu ni mwaka wa nane niko Dar, na siku ya mechi kubwa kelele za Uwanja wa Mkapa zinanifikia hadi jikoni. Nikueleze huku mambo yanavyokwenda.

Mambo ya kupanga foleni dirishani ukapewa karatasi yamekwisha. Kuna N-Card, kadi ya plastiki, ileile watu wanayotumia kuvuka kivuko cha Kigamboni. Kila kadi ina namba yake. Unanunua tiketi kwa simu, unaingiza namba ya kadi, unachagua mzunguko au VIP, unalipa kwa pesa ya simu, na tiketi inakaa ndani ya kadi. Getini unaigusisha kwenye mashine, kile chuma kinalegea, unasukuma kwa kiuno, umeingia. Mtu mmoja, kadi moja. Mtoto wako naye atahitaji yake.

Kwa hiyo hiyo picha ya WhatsApp inanitia wasiwasi. Picha ya nini? Tiketi iko ndani ya kadi. Kama kadi haiko mkononi mwako, huna kitu.

Na M-Pesa yako ya Lubumbashi isikudanganye kwa sababu jina ni moja. Pochi ya huko ni ya franka na dola, ya huku ni ya shilingi. Ukifika, sajili laini kwa pasipoti na alama za vidole, weka shilingi, kisha nunua.

Baba_wa_Katuba
Marahaba dada, asante sana. Nisameheni, niliacha mengi. Mechi ni Simba na Yanga. Mtoto ana miaka 11. Huyo mtu ni dereva wa lori, tulikunywa chai pamoja mara mbili pale Kasumbalesa, anaonekana mtu mzuri. Anaomba dola 30 kwa tiketi zote mbili, za mzunguko. Laini ya kule sina. Mzunguko ni ile tunayoita purtuu, siyo?

Binti_Temeke
Ndiyo, purtuu. Huna kiti chenye jina lako, anayewahi ndiye anayekaa pazuri. Kwa derby na mtoto wa miaka 11, uwe ndani mapema mchana hata kama mpira ni jioni, na ubebe kofia. Jua la upande wa mzunguko si mchezo.

Cheminot_wa_Zamani
Mimi ni shabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe, tangu nikiwa nabebwa mgongoni, kwa hiyo mnisikilize kama mzee. Tiketi ni karatasi. Pale uwanja wetu wa Kibassa Maliba gishe ilikuwa tundu dogo, mkono ukiingia bega linabaki nje. Unakunja noti vidogo, unazibana katikati ya vidole ili mwenzako asizichomoe, unasukuma mkono ndani, unasikia mtu wa upande wa pili anakufungua vidole kimoja kimoja. Unatoa mkono una karatasi imelowa jasho. Getini wanachana nusu, nusu unabaki nayo. Nina vipande vyangu kwenye kopo la maziwa, vya mechi ambazo wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na mke wangu anajua nyumba ikiungua kopo hilo linatoka kwanza.

Hizo kadi zenu mtoto atabaki na nini? Papa, mpeleke Kamalondo. Nasema hivi mimi wa Lupopo, mjue ninavyomaanisha. Uwanja wa Mazembe unachukua kama watu 18,500, mtoto anaona mpaka kamba za viatu vya mchezaji. Mkapa ni watu 60,000. Ataona mashati.

Kunguru_Mweusi
Mzee wa Lupopo, leo nakuheshimu. Ila kuhusu picha ya WhatsApp, ngoja niseme yaliyonipata, maana mpaka leo yananiuma.

Tuliifuata Mazembe ugenini, mji sitautaja. Tulikuwa wanne, mmoja ni shemeji yangu ambaye hakuwahi kuvuka mpaka maisha yake yote. Kule tiketi zilikuwa za kununua kwa simu, unapewa kile kimraba cheusi cha kupigwa mwanga getini. Sisi hatukuwa na laini ya kule. Kijana mmoja stendi ya basi akasema ananunua kwa laini yake, tumpe pesa taslimu na kidogo cha soda. Akabonyeza mbele ya macho yetu, ujumbe ukaingia, tukauona, akatutumia picha nne. Kila kitu kweli. Tukamshukuru, tukapiga naye picha hata.

Getini shemeji akatangulia. Mashine ikalia, taa nyekundu. Mlinzi akafuta kioo cha simu kwa mkono wa shati, akajaribu tena. Nyekundu. Akasema: "Hii imeshaingia." Tukasema haiwezekani, sisi ndio hawa. Akatuonyesha kwenye mashine yake, saa na dakika. Dakika kumi na mbili kabla yetu, mtu alipita na kimraba hichohicho. Zote nne zilikuwa hivyo. Yule kijana hakutuuzia tiketi za uongo. Zilikuwa za kweli, ila aliziuza kwa watu wengi, na anayewahi ndiye anayeingia.

Goli letu nililisikia nikiwa nje, nimeegemea ukuta. Ukuta ulitetemeka mgongoni. Shemeji aliuliza, "Ni sisi?" na hakuna aliyeweza kumjibu mpaka tulipomuona mlinzi wetu amenuna.

Kwa hiyo papa, mtu kuwa mzuri kwenye chai haitoshi. Mwombe huyo dereva jambo moja tu: namba za kadi mbili alizonunulia, na azilete kadi zenyewe.

Kadutu_Juu
Pole sana ndugu. Huku Bukavu kwenye Stade de la Concorde tulikuwa na ugonjwa mwingine: mlango. Unaweza kuwa na tiketi halali, lakini mwenye mlango anaingiza rafiki zake kwa noti za mkononi, ukifika wewe wanasema kumejaa. Kwa hilo mashine ni bora. Mashine haina shemeji.

Mama_Ruashi
Mimi naongea kama mama. Nyote mnabishana kuhusu pesa, mimi nafikiria kile kifua cha mtoto wa miaka 11 katikati ya msukumano. Tarehe 11 mwezi wa 5, 2014, Tata Raphaël pale Kinshasa, V.Club na Mazembe yetu. Watu 15 hawakurudi nyumbani. Siku ile niliapa. Kama mashine inahesabu watu na kufunga mlango idadi ikitimia, basi mashine na ije.

Cheminot_wa_Zamani
Mama, nakuheshimu, lakini usiilaumu karatasi kwa ile. Wale walikuwa ndani tayari. Vurugu zilianza, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakimbilia njia moja. Kadi ingesaidia nini pale? Milango ya kutokea ndiyo iliyoua.

Mama_Ruashi
Na waliojaa kupita kiasi ndani hawakuhusika? Ukijua idadi, unajua pia unahitaji milango mingapi.

Kadutu_Juu
Wote wawili mna haki. Yaoundé, Olembe, mwezi wa kwanza 2022, Kombe la Afrika: watu 8 walikufa nje, kwenye lango, wengine tiketi wanazo. Lango lilikuwa limefungwa wakati lilitakiwa kuwa wazi. Na Nairobi kwenye CHAN iliyochezwa 2025, ambako Leopards wetu, timu ya taifa ya Congo, walifungwa 1-0 na Kenya, watu waliingia kwa nguvu bila tiketi mpaka CAF ikapunguza idadi ya watazamaji na kuamuru tiketi za kielektroniki peke yake. Tiketi ya simu inafanya kazi pale tu uzio na mlango vinapofanya kazi.

Yaya_Liège
Naingilia kutoka Ubelgiji. Msifikiri huku ni rahisi. Klabu kubwa nyingi za Ulaya hupati tiketi kabla ya kuwa mwanachama unayelipia, na tiketi inakaa ndani ya simu. Betri ikikuishia getini, umekwisha. Kule Morocco kwenye Kombe la Afrika la 2025 hata tiketi peke yake haikutosha, ilibidi kwanza ujisajili kwenye programu yao ya Yalla upate kitambulisho cha shabiki. Na FIFA kwa Kombe la Dunia la 2026 wameleta bei inayopanda na kushuka kufuatana na watu wanavyogombania. Walipoanza kuuza, ya chini ilikuwa dola 60 na ya juu kabisa ya fainali dola 6,730. Zamani bei ilikuwa imeandikwa ukutani juu ya gishe, tajiri na maskini wanaisoma pamoja. Hilo linaniumiza kuliko habari ya karatasi au kadi.

Kunguru_Mweusi
Dola 6,730! Hiyo ni gari inayotembea.

Turudi Dar. Binti, usisahau kumwambia papa kwamba sisi tuna historia na hao watu. 2019 Simba walikuja Kamalondo tukawapa 4-1.

Binti_Temeke
Kaka, na mwezi wa kwanza 2025 Yanga waliwapa 3-1 hapa hapa Mkapa, nilikuwa mzunguko, nimevaa nyeusi na nyeupe katikati ya kijani, nililia njia nzima mpaka nyumbani. Na 2011 mliwafunga Simba nyumbani na ugenini, kisha mkaondolewa kwa kesi ya mchezaji wenu Bokungu. Tusifukue.

Cheminot_wa_Zamani
Fukueni, fukueni. Sisi wa Lupopo tunasoma.

Binti_Temeke
Papa, jambo muhimu zaidi kabla sijasahau: usiifunge safari yako kwa tarehe ya derby. Tarehe 8 mwezi wa 3, 2025 watu walikuwa wamesafiri kutoka mikoani kwa mabasi, wamelala stendi. Usiku wa kuamkia mechi Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, wakasema hawachezi, na siku yenyewe mechi ikaahirishwa. Ilichezwa tarehe 25 mwezi wa 6, Yanga wakashinda 2-0. Mwenye duka Kariakoo angengoja, wewe wa Lubumbashi usingeweza. Njoo na shughuli zako, mechi ikiwepo ni baraka.

Kama unataka, naweza kukununulia kadi mbili hapa na kukuwekea tiketi, utazikuta kwangu.

Mama_Ruashi
Dada Binti, sina shaka na moyo wako, lakini tumemkataza dereva aliyekunywa naye chai. Wewe hata chai hajanywa nawe.

Binti_Temeke
Mama una haki kabisa, na sikasiriki. Papa, usinitumie hata franka moja. Ukifika, nipigie, nikupeleke mwenyewe unaponunulia kadi, utoe pesa kwa mkono wako.

Baba_wa_Katuba
Nimewasoma wote mara mbili. Jana usiku nilimuomba dereva namba za kadi. Aliona ujumbe, alama za bluu zikatokea, na mpaka leo mchana hajajibu. Labda yuko njiani, barabara ya Zambia mtandao unakatika, sitaki kumhukumu. Lakini makuta sijatuma.

Mama yake mtoto naye amesoma haya, amefika kwenye Tata Raphaël akaninyang'anya simu. Anasema Kamalondo, tribuni, si purtuu, basi. Mimi bado moyo uko Dar. Mtoto hajui chochote, ameshatoa jezi yake ya Mazembe ameifua mwenyewe, iko kwenye kamba nje hapa ninapoandika. Dada Binti, mtoto akivaa milia nyeusi na nyeupe siku ya Simba na Yanga, kuna atakayemsumbua?

Binti_Temeke
Hakuna, papa. Watamuuliza Lubumbashi ni wapi, na watamnunulia aiskrimu. Mwambie tu asivae kitu chekundu ndani yake, maana upande wa Yanga ndio wenye kivuli.

Kunguru_Mweusi
Kivuli upande wa Yanga? Mimi nilipokaa 2019 kwenye ile sare ya 0-0 jua lilitupiga pande zote. Ulikaa mlango gani?